Kitanda cha Binti Yangu Nyuma ya Saruji

Shule niliishia la pili, lakini lori nimelinunua kwa jasho langu. Binti yangu Tumaini alinionyesha mchezo wa mtandaoni wa kupanga mizigo, ukanishinda.

"Baba, anza kupakia kitakachoshuka mwisho."

"Utanifundisha lori, wewe?"

Alipoolewa Isongole, nikampelekea kitanda na vyombo vyake. Kwa kuwa vinashuka kwanza, nikavipakia kwanza, ndani kabisa. Mlangoni nikajaza saruji ya mteja wa Ikinga, ya kushushwa baadaye.

Wakwe wakanipokea kwa vigelegele. Nikafungua mlango kwa madaha: saruji tupu! Nilitamani ardhi inimeze. Mungu awabariki watu wale, hawakunicheka. Mkwe wangu alivua koti la suti, akabeba mfuko wa kwanza.

Tumaini ndiye aliyepaza sauti mbele ya wote: "Baba, mchezo umekushinda tena!"