Late Maana Yake Kuchelewa

Enzi zetu, Kiingereza kilitufikia kwa fimbo. Mwalimu wa zamu alisimama kwenye lango la shule kule Gakindu, umande ungali kwenye majani ya kahawa, na kila aliyefika baada ya kengele aliambiwa neno moja: "Late!" Kisha viboko viwili vya miguuni, na viatu hatukuwa navyo. Tulitaniana tukikimbia, "Wangari, leo uko late, utaona!" Neno hilo nililijua kuliko mengine yote.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Nanyuki, akija nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mwezi huo hakuja. Ikaja barua. Mama hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la nne, msomi wa boma. Alipangusa mikono, akaketi kwenye kigoda. "Soma, maitu, mama yangu."

Niliona jina la baba, na mbele yake "late". Mengine yalinishinda. Ningesema hivyo, lakini alinitazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari, nikaona haya. "Wanasema baba amechelewa."

Mama akacheka. "Ati amechelewa! Huyo hata siku ya harusi alichelewa." Akapika njahi, yale maharagwe yetu meusi, akamwekea zake kwenye sufuria ndogo, akafunika. Alifanya hivyo siku nne.

Siku ya tano katekista alipita kuomba maji. Mama akamwonyesha barua kwa fahari, amwambie kama nilisoma vizuri. Alisoma akiwa amesimama, akavua kofia. "Mama Wangari, keti kwanza."

Baadaye alinieleza kwamba Waingereza husema "late" pia juu ya marehemu, mtu aliyekuwa hai juzijuzi tu. Barua ilituita tukamchukue baba kabla ya Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Waliochelewa tulikuwa sisi. Tulipofika Nanyuki walikuwa wameshamzika, na kaburi hakuna aliyetuonyesha kwa uhakika.

Mama hakunigombeza, siku hiyo wala nyingine. Aliwamwagia kuku njahi, akaosha ile sufuria. Sasa naye amelala kaburini, shambani kwetu, na nafasi ya kando yake ni tupu.

Wajukuu wangu hunipigia simu wakiwa njiani, pale Kenol: "Cucu, tuko late!" Wanacheka. Hakuna anayewangoja langoni na fimbo, na Kiingereza chao hakina kovu. Nawajibu, "Sawa." Nafunika chakula chao, kisha nakaa kwenye kigoda cha mama, nikisikiliza njia mpaka nisikie sauti zao.