Kompyuta Isiyokwenda kwa Fundi

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video za singo. Singo ni siku ya kumsinga bi harusi, yaani kumpaka na kumsugua manukato, kabla ya ndoa, na hapa Tabora, katika nyumba za Waarabu wa zamani na za sisi Waswahili wa mjini, ni shughuli ya wanawake watupu. Mlango hufungwa, mabaibui hutundikwa, nywele huachiwa, na mwanamke ambaye mtaani unamjua kwa macho tu anacheza mpaka jasho linamtiririka. Kamera inayoingia humo lazima ishikwe na mwanamke. Kompyuta inayopokea picha hizo haiguswi na mwanamume. Baada ya harusi, wanawake wa familia hukusanyika kuitazama video mara moja, bi harusi anakabidhiwa flashi yake, na mimi nafuta nakala yangu huku wote wakiniangalia. Hayo ndiyo masharti, na siyalalamikii, maana ndiyo yanayoniweka mjini.

Wauza kompyuta hushangaa nikiwaambia kwamba masharti hayo yana uhusiano na RAM. Mhariri mwingine mashine ikimshinda huibeba akaitupa kwa fundi, au humpelekea mwenzake mwenye mashine kubwa amtolee kazi, yeye akaenda zake kunywa kahawa. Mimi siwezi. Mashine yangu ikikwama, nimekwama nayo.

Mwaka jana, fedha za tumbaku zilipoanza kuingia kutoka Urambo na harusi zikafululiza, nilipata kazi ya familia moja ya Kiarabu ambayo haikuwa imewahi kuniita. Aliyenikabidhi kazi ni shangazi wa bi harusi, mwanamke wa makamo, mpole wa sauti na mgumu wa moyo. Aliniambia wazi kwa nini hawaamini wapiga video. Miaka ya nyuma, katika mji mwingine, singo ya dada yake ilipigwa video, kompyuta ya mpigaji ikaharibika, ikapelekwa kwa fundi. Hazikupita siku nyingi, wanaume wa mtaa wakawa wanaoneshana kwenye simu dada yake anavyocheza. Dada mtu aliacha kwenda sokoni. Tangu siku hiyo shangazi hakukubali kuingia kwenye picha yoyote.

“Wenzangu wanasema wewe ni mwaminifu,” aliniambia. “Mimi nitaona.”

Na kweli aliona. Siku ya singo alikaa upande wangu, nyuma ya kamera. Kila nilipogeuka, naye aligeuka, ushungi umemfika kwenye nyusi.

Kutazama kulipangwa Jumamosi, kwa sababu ndugu zao wa Bukene na Igalula walikuwa wameshakata tiketi za treni za kurudi makwao Jumapili. Nilikuwa na wiki nzima na sikuwa na wasiwasi. Tatizo lilikuwa kamera yangu mpya. Picha zake zilikuwa nzuri na nzito mno, nzito kuliko chochote nilichowahi kumlisha huyu mzee wangu wa kompyuta. Jumatatu nilianza kazi vizuri. Nilipofika mahali ngoma zinapochanganya na akina mama wote wanainuka, skrini ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, nikarudia. Ikaganda palepale, mikono ya akina mama imebaki juu.

Nilidhani mashine imekuwa nzito, na dawa ya uzito, kwa akili yangu ya siku hiyo, ni kasi. Nikaenda duka moja la vifaa vya kompyuta karibu na soko. Muuzaji alikuwa kijana mwenye maneno, akanitolea RAM mbili juu ya kioo. RAM ndiyo nafasi ambayo kompyuta inaitumia kushika kazi inayofanyika sasa hivi, mfano wa meza unayopangia vyombo kabla ya kupakua. Moja ilikuwa nyeusi, imevalishwa bati linalong'aa, na ina taa.

“Hii ndiyo ya kasi, dada. Wacheza magemu wanaigombania.”

“Na hii?”

“Hiyo ya kawaida tu. Ila kwa bei ya hii moja ya kasi nakupa hizo za kawaida mbili. Giga kumi na sita badala ya nane.”

Nilimjibu kwa majivuno kwamba kawaida ninayo nyumbani. Nikanunua yenye taa.

Kompyuta yangu ina nafasi mbili za RAM, na kila moja ilikuwa na kipande cha giga nne. Nikaufungua ubavu wake kwa bisibisi, nikatoa kipande kimoja, nikaweka kile cha kasi pembeni ya mwenzake aliyebaki. Taa ikawaka vizuri sana, ya zambarau. Nikafungua kazi yangu. Ikapita mahali pa jana, ikaendelea kidogo, ikaganda bi harusi akiwa anafunuliwa mtandio.

Nilikasirika, lakini hasira yangu ni ya kutafuta. Nikafungua ukurasa ambao mashine inajieleza yenyewe vilivyomo ndani yake, nikasoma kasi ya RAM. Ilikuwa ileile ya zamani. Kipande kipya kilikuwa kinatembea kwa mwendo wa kile cha zamani, kwa sababu vikiwekwa pamoja lazima viende sawa, na mwenye mwendo mdogo ndiye anayeamua. Jambo hili lingepaswa kunijia lenyewe. Mtaa ninaokaa umeanzishwa na misafara, na mtoto yeyote wa Tabora amesikia kwamba mpagazi hodari hakufika mapema, alingojea wenzake.

Nikasema sawa, nikatoa kile cha zamani, nikaacha cha kasi peke yake. Hapo mambo yakawa ya ajabu. Programu ilifunguka haraka, ningedanganya nikikataa. Kubofya kulikuwa kwepesi, nikaanza kutabasamu. Halafu ikaganda kwenye ngoma, palepale pa Jumatatu. Nikatazama kipimo cha nafasi, na safari hii nilikielewa: ilikuwa imejaa pomoni. Nilikuwa nimenunua meza inayoteleza vizuri, na ilikuwa ndogo kwa vyombo vyangu. Kasi haikuwa na pa kukimbilia.

Jumatano shangazi alikuja na chupa ya chai na vitumbua. Familia nyingi huja kukaa nyuma yangu nikihariri, kuhakikisha fulani ametokea na fulani hakukatwa. Yeye hakuitazama skrini. Aliutazama ubavu wa kompyuta uliokuwa wazi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba. Nasikia inaumwa.”

“Inaumwa.”

“Mafundi wako wengi mjini hapa,” akasema, akinimiminia chai, kama mtu anayezungumzia mvua.

“Haitoki humu ndani,” nikamwambia. “Hata ikifa, itafia hapa.”

Alikunywa kikombe chake, akaaga, akaniachia vitumbua. Nilijua ananipima na roho iliniuma, lakini nilimwelewa.

Alhamisi asubuhi nilirudi dukani na kile kipande chenye taa ndani ya kasha lake. Nikamwambia muuzaji nataka zile mbili za kawaida. Akatingisha kichwa. Mali ikishatoka dukani hairudi. Nikavuta benchi lake, nikakaa. Wateja wakaingia, wakatoka. Kila aliyeuliza RAM nilimweleza, kwa sauti ya kutosha, yaliyonikuta. Hatimaye kijana akaja kukaa karibu yangu, akaongea kwa upole.

“Dada, nakuonea huruma. Niletee mashine, ikae hapa mpaka jioni. Nakuwekea RAM, nasafisha, na hiyo video nakutolea mwenyewe kwenye mashine yangu kubwa. Bure. Jioni unachukua kazi yako imekwisha.”

Sitasema haikuniingia. Siku zilikuwa zimebaki mbili, mgongo unaniuma, na huyu mtu alikuwa anajua kazi yake. Ningeibeba ile kompyuta kwa bodaboda, na hakuna ambaye angejua.

“Ina picha za wanawake,” nikasema.

“Sitazitazama. Mimi nina mama, nina dada zangu.”

“Ndiyo maana nataka unielewe. Ungempelekea mwanamume usiyemjua picha za mama yako anacheza kichwa wazi, kwa sababu amesema hatazitazama?”

Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema basi nitoe diski yenye picha, nimpelekee boksi tupu la kompyuta. Nikamuuliza bila picha atapimaje kama RAM inatosha. Nikamwambia nitakuja kesho, na kesho kutwa, na benchi lake nimelipenda. Akachukua kile kipande chenye taa, akakigeuza juani kutafuta mikwaruzo, hakuiona. Akaniwekea zile mbili za kawaida kwenye mfuko wa karatasi bila kunitazama.

Kuziweka kulinichosha. Nilizipachika, nikawasha, mashine ikapiga mlio na skrini ikabaki nyeusi. Nikazima, nikazitoa, nikazirudisha, mlio uleule. Nilidhani ameniuzia mbovu, nikaanza kutafuta baibui nirudi. Kisha nikakaa chini. Nilikuwa naogopa kuzikandamiza, nazishika kana kwamba ni mayai. Nikaweka kidole gumba nikabonyeza kama unavyobana mfuniko mkaidi wa hotpoti, kwa uzito wangu wote, mpaka zikaingia kwa mlio mkavu pande zote mbili. Ukucha ulivilia damu. Mashine ikawaka.

Hazikuwa na taa. Programu ilifunguka polepole, kwa mwendo wake wa siku zote. Nikaipeleka kazi mpaka kwenye ngoma. Akina mama wakainuka, mikono ikapanda, ikashuka. Ngoma ikaendelea, bi harusi akafunuliwa mtandio, na mimi nikapiga kigelegele peke yangu chumbani.

Tangu siku hiyo watu huniuliza kama RAM ya kasi ina thamani ya bei yake, nami huwajibu bila kupepesa. Ukishakuwa na nafasi ya kutosha na bado una fedha ya kuchezea, nunua, utapata wepesi kidogo, na ununue mbili zinazofanana. Kama kazi yako inajaza nafasi uliyonayo, iache dukani na taa zake. Nunua kubwa ya kawaida. Tofauti ya kasi ni ya kungojea kidogo, na kungojea ninakuweza. Nisichokiweza ni kukwama.

Jumamosi video ilioneshwa kwenye sebule ya familia, madirisha yamefungwa, wageni wa Bukene wamekaa mikekani. Walicheka, walilia, walirudishiwa mahali pa ngoma mara kadhaa. Bi harusi akapewa flashi yake. Nikafungua kompyuta yangu katikati ya sebule, nikafuta kila kitu wote wakiona.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akauliza, na sebule nzima ikasikia, “Nani alikuponyea mashine?”

“Mimi mwenyewe.”

“Wewe umejifunza wapi?”

Nikamwonyesha ukucha wangu mweusi. Akakishika kile kidole, akakitazama kwa muda, akakiachia.

“Kamera umekuja nayo?”

“Iko kwenye mkoba.”

Akawaita dada zake wawili wa Bukene, na yule wa mji mwingine, aliyeacha kwenda sokoni, ambaye siku hizo zote sikumtambua, mwanamke mwembamba aliyekuwa amekaa karibu na mlango. Huyo alisita. Shangazi akamfuata, akamshika mkono, akamleta wakakaa wote wanne kwenye kochi. Halafu akatoa pini, akafungua ushungi wake, akauweka mapajani.

“Washa,” akaniambia.