Rangi ya Tumbo la Mashua

Kwa miaka kumi na mmoja niliyotunza mashua za hoteli moja huko Diani, nilijua jambo moja tu kuhusu rangi ya chini: iliyo nzuri ni ile inayoua. Bahari haina huruma. Iache mashua miezi miwili bila rangi hiyo, tumbo lake litaota majani na vigamba vikali vya kukata mikono, na hata tanga lijae upepo namna gani, itajikokota tu. Kwa hiyo tulipaka ile nyekundu nzito yenye sumu ya shaba, na tulipoona tumbo limebaki safi tulisifiana kama wawindaji.

Hoteli ilipoacha kutembeza wageni kwa tanga, meneja alinihamishia mkahawani, akanipa mashua iliyokuwa ndogo kuliko zote, ya mbao, ya watu watatu. Mke wangu hakuwahi kuipanda. Yeye ni Mduruma wa nyuma ya Kinango, nchi kavu ya miiba na mbuzi, na bahari humtia kizunguzungu akiitazama tu.

"Maji yasiyo na ng'ambo mimi siyawezi," aliniambia siku moja akichambua mchicha. "Lingekuwa silanga la kwetu, hapo ningepanda."

Silanga lao ni bwawa la kukingia mvua, na kijiji kizima hunywa humo. Alisema kwa mzaha, lakini mimi tangu hapo nikawa mtu wa kuota macho wazi. Nikihudumia wageni naliona tanga jeupe likipita polepole katikati ya mbuga, kamba zisizo na chumvi, maji ya rangi ya chai ya maziwa, na yeye amekaa mbele akicheka. Mara mbili nilipeleka kahawa meza isiyokuwa yake.

Nikaamua kuipeleka mashua silangani kwao, nikaenda Ukunda kutafuta rangi. Muuzaji, mtu wa bara kama mimi, aliniambia, "Boss, hii red ni ya ocean. Maji ya dam haina hao wadudu. Chukua tu ya kawaida." Nikamwona hajui kitu. Nikampigia simu fundi wa Mkwiro aliyeiunda ile mashua, naye akasema nipake deheni, yaani mafuta ya ng'ombe yaliyochanganywa na chokaa, kama walivyofanya babu zake. Nilicheka. Mashua ya mke wangu niipake mafuta ya supu? Nikanunua nyekundu, ile kali kuliko zote, nikaipaka mara tatu.

Tuliipeleka kwa pikapu. Pale silangani mama mkwe alikuwa amekuja kuchota maji. Kwao, na hata kwetu, mama mkwe na mkwewe hawakabiliani; alisimama kiubavu, uso kauelekeza kwenye miiba, maneno yake yakapitia kwa binti yake ingawa mimi nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwake. Nilikuwa nimekwisha kuishusha mashua majini.

"Mwambie mumeo chombo chake ni kizuri. Na umuulize, ile nyekundu ni ya kazi gani?"

"Mwambie mama ni ya kuua wadudu wa majini," nikajibu kwa majivuno. "Hakiponi kitu."

Upande wa pili mbuzi walikuwa wakinywa. Mama mkwe alichukua kata yake ya kuchotea, akampa binti yake.

"Mwambie achote pale ubavuni mwa chombo, anywe."

Nilichota. Nikaifikisha kata mdomoni, nikanusa tope, nikaikumbuka ile sumu ya shaba, na mkono ukagoma. Mke wangu, aliyekuzwa kwa maji yale, alikuwa akinitazama. Sijapata kuona aibu kama ile. Niliyamwaga mbali na ukingo, nikaikokota mashua nje.

Siku tano nilikwangua, nimetandika turubai isidondoke hata chembe, na makapi nikayarudisha Ukunda ndani ya gunia. Nikanunua mafuta kwa muuza nyama, nikayachemsha na chokaa. Mbwa wa kijiji wakanifanya rafiki. Yule fundi wa Mkwiro alinicheka kwenye simu mpaka akakohoa.

Tulipoishusha tena, mama mkwe alikuwepo, akatazama miiba yake, akaendelea kuchota maji. Mke wangu alipanda, akajifunga leso vizuri. Maji baridi hayabebi kama ya chumvi. Mashua ilizama kidogo zaidi, ikatulia, na upepo mdogo ukatusukuma bila kelele. Nilihisi kama tunaelea ndani ya usingizi.

Katikati ya silanga mke wangu akainama, akachota kwa viganja viwili palepale ubavuni. Alikunywa, akachota tena, akanywa. Nililia waziwazi, mkono kwenye usukani.