Bibi Aliyesoma Chekechea

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chekechea, huko Munje, kijiji cha pwani, nililetewa mtoto wa kike wa miaka minne ambaye hakutaka kuiachilia leso ya bibi yake. Mamake alikuwa amekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani. Tangu siku aliyoondoka, bibi akienda hata msalani, mtoto alimngoja mlangoni.

Siku mbili nilijaribu kuwatenganisha. Mtoto alilia mpaka akatapika. Siku ya tatu nikamwambia bibi, "Shikamoo. Leo usiende, kaa nasi."

"Marahaba, mwanangu. Nikae wapi, na viti vyenu ni vya vifaranga?"

Akatandika mkeka nyuma ya darasa, akatoa chane za majani ya mkindu, akasuka ukili wa mkeka mwingine huku sisi tunaimba irabu. Harufu ya mkindu ule naikumbuka hadi leo. Wiki ya kwanza mtoto alikaa mapajani pake, ya pili kando ya mkeka. Mwezi ulipokwisha alikuwa akigombania bembea na wenzake, wala hageuki nyuma.

"Kazi yangu imekwisha," bibi akasema, akaniaga.

Siku nne mtoto aliletwa na jirani, mchangamfu kabisa. Ya tano nikamwuliza kama bibi hajambo. Akanijibu, "Bibi hataki kula."

Jioni nikaenda kwao. Nilimkuta bibi kibarazani, mikono mitupu.

"Mwanangu alipoondoka sikulia," akaniambia. "Ningelia vipi na huku nambembeleza mtoto? Sasa mtoto ametulia, ndipo kilio changu kinakuja."

Nilikuwa msichana wa kutoka Taru, mgeni huko pwani, na upweke wangu mwenyewe nilikuwa sijamwambia mtu. Nikachemsha chai, nikakaa naye, akalia hadi akatosheka. Nilipoinuka nikamwomba arudi, maana watoto walikuwa wakimwulizia.

Akarudi, kila Jumatano, miaka miwili. Aliwasimulia watoto ngano za sungura, Kiswahili na Kidigo vikichanganyika, na mimi akiniletea muhogo wa nazi katika bakuli lenye kifuniko. Alisimama nikila, nisije nikabakisha.

Mama aliporejea, mtoto alimwita shangazi kwa siku kadhaa. Mama akaumia. Bibi akamwambia, "Usimharakishe. Atakuja mwenyewe." Haikufika wiki mbili, mtoto akahamia kitandani kwa mamake.

Baadaye nilihamishiwa Kombani. Nimefundisha watoto wengi tangu hapo, na Jumatano, bila mkeka nyuma ya darasa, imekuwa siku kama siku nyingine.