Sura ya Papa Mlangoni

Mwezi uliopita nilirudi Kisangani kwa arusi ya mtoto wa binamu yangu. Vijana walikuwa wakipitishiana simu zao na kuonyeshana picha, kila mmoja akisema "très joli", nzuri sana, kabla hata hajatazama vizuri. Sikuwalaumu. Lakini pale kwenye kiti cha plastiki, sahani ya lituma ya ndizi za kupondwa magotini, nilikumbuka kwamba katika mji huu huu, ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville, picha moja ndogo iliweza kuwakalisha watu wazima barazani tangu baada ya chakula hadi jua lipoe.

Baraza yenyewe ilikuwa ya kwetu, na mpiga picha alikuwa mama yangu. Usishangae, rafiki yangu. Mama alikuwa fundi wa kushona, na Madame mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akimshonea nguo alimwachia kamera yake ya sanduku alipofunga virago, majuma machache kabla ya uhuru. Mama hakujua hata upande wa kutazamia. Aliyemfundisha ni jirani yetu, mtu wa zile familia za Kiislamu zilizotoka Maniema tangu enzi za misafara, aliyekuwa na studio ndogo karibu na soko. Jirani alizisafisha filamu za mama katika chumba chake cha giza, na kila Jumapili tulipotoka misa alikuja na picha zimefungwa katika gazeti kuukuu, zikinuka dawa.

Jumapili zile zilikuwa na harufu zake. Mimi nilikuwa nimetwanga majani ya muhogo ya sombe tangu asubuhi, nyanya akifungua liboke la samaki kwenye majani yaliyoungua kingo, na ukinyamaza kidogo uliweza kusikia maji yakinguruma kule kwenye maporomoko. Tukishanawa mikono, jirani alizitandaza picha juu ya mkeka. Papa, baba yangu, alikuwepo, na mwalimu wa shule yetu, rafiki yake papa, hakukosa. Picha za kwanza za mama zilikuwa za kuchekesha: nyanya bila kichwa, mbuzi mwenye mkia tu, mimi nikiwa kivuli cheusi kwa sababu jua lilikuwa nyuma yangu.

"Hii iko mbaya," mwalimu alisema siku moja, akaitupa ile picha kando.

Jirani aliiokota, akaipangusa kwa upindo wa kanzu yake. "Mwalimu, kusema mbaya si kufundisha. Mwambie mama kitu gani iko muzuri ndani yake. Kiisha umwambie atafanya nini kesho."

Huo ndio ulikuwa utaratibu wake, na alituzoeza sote. Kwanza ulitaja kilichomo, hata kama ni mkono mmoja tu uliotoka safi. Halafu ulitaja kinachopungua. Halafu ulisema la kufanya. Alitushirikisha hata sisi watoto, na tulipojibu alisikiliza kama wanavyosikilizwa wakubwa. Kwa njia hiyo mama alijifunza kugeuza watu upande wa mwangaza na kungoja jua lishuke. Mwalimu naye alijifunza kunyamaza kidogo kabla ya kusema.

Uhuru ulipokuja, papa, aliyekuwa karani wa serikali, alipewa meza ya Mzungu aliyeondoka. Siku ile alirudi nyumbani na tai mpya, na mama akampiga picha mlangoni. Jumapili jirani aliitazama sana.

"Mama, picha yako iko na nyumba, iko na mulango, iko na mawingu mingi. Papa iko wapi?"

"Si iko pale," mama alisema.

"Pale naona mutu. Papa simuoni. Alors, basi, kesho ukaribie. Usiogope sura ya bwana yako."

Papa alicheka hadi akatoa miwani kufuta macho. Mama akarudia. Alisogea karibu, akamwambia papa ageuke kidogo kwa mwangaza, na safari hiyo akampata: paji la uso, miwani, kalamu mfukoni, na lile tabasamu la upande mmoja alilokuwa nalo. Jirani aliizungusha mkononi, akasema hapa hana la kusema, na akaomba ruhusa ya kutoa nakala kubwa aiweke katika dirisha la studio. Mama alikubali. Kwa muda mrefu, kila tulipokwenda sokoni, alitafuta sababu ya kupita njia ile.

Miaka minne baada ya uhuru, waasi waliokuwa wakipigana na serikali wakaingia mjini. Siku za mwanzo watu walishangilia. Askari wa serikali walikuwa wamevua sare na kukimbilia porini. Halafu ukaanza msako wa makarani na walimu, wote walioitwa watu wa kalamu. Mwalimu wetu alichukuliwa mbele ya wanafunzi wake. Tai zilitupwa chooni, na nyanya alikusanya picha zote za nyumbani, hata yule mbuzi, akazichoma. Papa alifuga ndevu, akavua miwani, akavaa kaptula iliyochanika na kofia kuukuu, akavuka mto kwenda Lubunga kwa mjomba wetu mvuvi. Huko alishona nyavu kama watu wengine wa pale.

Wale vijana wa uasi walivunja dirisha la studio. Jirani alikuwa amejificha na jamaa zake na hakuwahi kuzitoa picha za dirishani. Walichukua kila picha yenye mtu wa tai, wakatembea nazo. Mjomba ndiye aliyetuletea habari. Alisema kijana mmoja, mtoto kabisa, alisimama mbele ya papa na ile picha mkononi, akatazama karatasi, akatazama mtu. Ndevu zilimsumbua. Akamwambia papa avue kofia.

"Geuka kidogo kwa mwangaza," akasema.

Papa akageuka. Hatukumwona tena, wala hatukuonyeshwa alipolala.

Jeshi la serikali lilipouchukua tena mji na risasi kupungua, jirani alirudi. Alikuwa amekonda, kanzu imemning'inia. Mama alikuwa uani, mjamzito, amekaa kando ya mbabula ya makaa. Jirani alichuchumaa mbali kidogo, akatoa kopo la maziwa lililofungwa kwa kitambaa.

"Mama, filamu ya papa iko. Nilikuwa nimeizika. Naweza kukutolea picha ingine."

Mama hakuinua macho. "Ulisema nikaribie."

"Nilisema, mama."

"Nikakaribia."

Alinyoosha mkono, na jirani akampa kopo. Mama alitoa ule ukanda wa filamu, hakuutazama hata kidogo, akauweka juu ya makaa. Ukajikunja, ukatoa moshi wenye harufu chungu. Jirani hakumzuia. Alikaa hadi ulipokwisha, akasema pole, akaenda. Baada ya muda alihama na watu wake kurudi Maniema, na studio ikawa ghala la chumvi.

Nilimkasirikia mama miaka mingi. Nilipokuwa na watoto wangu nilimwuliza kwa nini alitunyima picha ya papa. Alijibu kwamba picha ile ilikuwa imeshakuwa mali ya walioishika mwisho.

Kwetu, baraza ile haikuwa baraza tena. Majirani wapya walipita wakisalimia huku wakitazama chini, na mtu akikuonyesha kazi ya mikono yake ulisema iko muzuri, ukaondoka upesi. Tulikuwa tumejua kwamba kutazamwa vizuri kunaweza kumwua mtu.

Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa tumboni siku ile, alipopata umri wa kuuliza alimwuliza mama papa alifanana na nani.

"Enda ujiangalie kwa kioo," mama alimwambia.

Akaenda, akakaa huko kitambo, akarudi akitembea kama mtu aliyepewa urithi. Lakini yeye ametoka upande wa mama mtupu: paji la nyanya, macho ya wajomba, hakuna alichochukua kwa papa. Nyumba nzima tulijua, na hakuna aliyemwambia. Sasa ni mzee mwenye wajukuu. Kwenye ile arusi nilimwona amewakusanya, anajishika shavu, anawaambia: "Papa alikuwa hivi."