Gonga Kwanza Ubao wa Nyuma

Mwanangu, kabla hujaniomba tena ufunguo wa boti, vuta kiti ukae. Najua Kiswahili changu unakielewa vizuri, hata kama utanijibu kwa Kiingereza. Nakumbuka Jumamosi moja, miaka ya elfu mbili na kidogo, wewe bado hujazaliwa, nilipoiona boti hii kwa mara ya kwanza. Ilikuwa juu ya trela nyuma ya nyumba ya Bwana Haji kule mtaa wa Moseley, huku huku ughaibuni, ya buluu, inametameta, na mashine yake kubwa kuliko nilivyowahi kuona kwenye chombo kidogo namna ile. Ilitengenezwa Marekani, kwa wavuvi wasio na subira: wanakimbia, wanasimama, wanatupa ndoano, wanakimbia tena. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na kichwa kigumu. Nikaapa palepale kuwa nitaichukua, hata kama ilikuwa kuukuu.

Bwana Haji alikuwa Mzanzibari, mtu mzima, mpole. Kabla hata sijaisogelea boti, mkewe alishatandika mkeka na kuleta pilau. Tukala. Akanieleza kwamba magoti yamemchosha, kuivuta boti hadi Wales hawezi tena, ndiyo maana anaiuza.

"Jumapili ijayo twende sote kule mtoni," akasema. "Tuikimbize mpaka mwisho wake, binti zangu waagane nayo, kisha uichukue."

Binti zake walikuwa wawili, wa miaka tisa na saba hivi. Mdogo akaniuliza, "Uncle, itaenda fast kweli? Really fast?" Nikamwambia itaruka.

Tuliposhiba ndipo tukatoka nje. Niliizunguka boti mara moja, nikaisifu rangi, nikakaa kwenye kiti cha dereva na kushika usukani. Basi. Ningeanzaje kuinama na kuchokonoa chombo cha mtu ambaye pilau lake bado lanukia mkononi mwangu? Nikampa mkono, nikasema nimeikubali.

Jumatatu nilimweleza Fundi Gurmit, Singasinga mzee wa Kisumu, mkuu wangu pale gereji ya Coventry Road. Ujanani alitengeneza boti za ziwani pamoja na baba yake. Alinisikiliza huku akifuta grisi mikononi.

"Uligonga nyuma?"

"Nyuma wapi, mzee?"

"Pale mashine inakaa. Ndani ya ile faiba, ile ganda ngumu ya nje, kuko mbao. Boti ya zamani, mbao inaoza na wewe huoni kitu, rangi inang'aa tu. Siku unafungulia mashine yote, nyuma inang'oka, maji inaingia."

"Nitagongaje, mzee? Nimekula kwake. Ataona namwita mwongo."

"Hiyo ni mbao, si mama mkwe!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Jumapili nani wataingia hiyo boti?"

Nikataja mmoja mmoja, hadi wale binti wawili.

"Na hiyo aibu yako," akasema, "utaiweka wapi watoto wakiwa ndani ya maji?"

Sikufichi, nilikasirika. Nilimnunia siku mbili nzima, salamu zangu za juu juu tu. Lakini swali lake lilipanda basi nami, likashuka nami. Alhamisi nikamwambia, "Mzee, twende."

Jumamosi Bwana Haji alitupokea kwa tabasamu, mpaka Fundi alipotoa nyundo ndogo ya mti.

"Umekula kwangu," akaniambia, "leo waniletea mtu wa kunigongea chombo changu? Nimekuficha nini mie?"

Uso uliniwaka. Nilitamani kugeuka nikapande basi la kurudi kwangu Small Heath. Badala yake nikamwomba Fundi nyundo, nikaishika mwenyewe.

"Bwana Haji, sikuja kukupima wewe. Nimekuja kwa ajili ya wanao. Ukinifukuza baadaye nitakwenda, lakini leo nitagonga."

Juu, ubao uliitika kavu, kama mlango. Nikashuka taratibu. Chini ya mashine sauti ikafifia, kama nagonga godoro. Nikarudia, ikawa vilevile. Fundi alimtazama Bwana Haji, naye akaitikia kwa kichwa. Ikafunguliwa skrubu moja ya chini. Yakachuruzika maji meusi, na mbao laini kama majani ya chai yaliyochujwa.

Bwana Haji aliketi kwenye tairi la trela. "Wallahi sikujua," akasema. "Kesho ningewapeleka mwenyewe, kwa mkono wangu." Akalia, na mimi nikalia naye. Binti zake walikuwa dirishani wanatupungia.

Akaniambia ahadi yangu ameifuta. Nikamjibu boti bado naitaka, na kama imeoza, tutaiponya. Tuliivuta hadi karakana ya Fundi huko Digbeth, tukaukata ubao wote wa nyuma, na majira yote ya baridi tukaujenga upya. Kila Jumamosi Bwana Haji alikuja na chupa ya chai ya tangawizi, akaketi kwenye kigoda na kupiga msasa. Majira ya kuchipua binti zake wakapanda. Mdogo alipiga kelele njia nzima kwa furaha, na boti ikaruka kama nilivyomwahidi.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kumheshimu mtu si kufumba macho mbele ya kitu chake. Ukiuziwa kitu, ukipewa kazi, hata ukikaribishwa kuoa katika nyumba ya watu wema, uliza unachotaka kuuliza, kwa adabu, na usiondoke bila jibu. Mtu mwema anaweza kuwa amekalia hatari asiyoijua. Akinuna, atanuna siku mbili. Mimi nilinuna, nikapona.

Nyundo hii hapa, Fundi aliniachia kabla hajatutoka. Ufunguo uko mfukoni mwangu. Boti imekaa miaka mingi tangu tuijenge, na mimi ni baba yako, umekula kwangu maisha yako yote. Inama uigonge nyuma yote, kushoto hadi kulia, mimi nikiwa nimesimama hapa. Mwenyezi Mungu akurudishe nchi kavu kila safari, wewe na kila utakayempakia. Haya, gonga.