Ungo wa Mama Pale Kipawa

Vumbi la mchele lina harufu yake, kavu, tamu kidogo. Kila nikikutana nayo, hata kwenye mji nisiko na ndugu, narudi Kipawa nikiwa na miaka sita, ungo mapajani.

Mama alikuwa mama lishe. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo kuchambua mchele ilikuwa kazi yangu. Alinifundisha kuusogeza kwa kidole, mstari kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia bila kuruka, kwa sababu jiwe moja likipita, mteja lazima alitafune. Nilikuwa hodari, na nilijivuna kweli.

Aibu yangu ilikuwa chekechea. Penseli ilinichomoka vidoleni, na nikisoma, macho yalidandia neno la juu yakatua la chini. Wenzangu wakaniita Pendo Panzi. Mwalimu Salome akamwambia Mama kwamba nisipojua kusoma mpaka shule zifungwe, Zuhura wa jirani ataenda darasa la kwanza, mie nitabaki. Siku hiyohiyo Mama akautundika ungo ukutani. Mikono yangu, akasema, sasa ni ya kitabu tu.

Wiki mbili nilikaa na kitabu nikilia. Mama alichambua mwenyewe, ameinama mpaka pua inakaribia mchele. Wateja wakaanza kunung'unika. Fundi baiskeli mmoja aliuliza mbele za watu kama kokoto ni bure au zinalipiwa. Mama alicheka nao, kisha akaingia ndani, akakawia kutoka.

Jumamosi moja niliuiba ungo, nikajificha nyuma ya banda nikachambua. Kivuli kikaniangukia. Alikuwa Mwalimu Salome, amekuja kula. Nikamwamkia shikamoo. Hakunigombeza. Alikitazama kidole changu muda mrefu, halafu akatoa kitabu kwenye mkoba, akakilaza juu ya mchele.

"Chambua hapa," akasema. "Usiruke hata punje."

Nikaweka kidole. Ba-ba a-na ku-ku. Mstari ukaisha, nikashuka wa pili, kama siku zote. Nilipoinua uso, Mama alikuwa amesimama pale, mwiko mkononi.

"Mama Pendo," mwalimu akamwambia, "mrudishie mtoto ungo wake."

Darasa la kwanza niliingia pamoja na Zuhura. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili, nikaanza kuzurura, lakini kusoma sijaacha: gazeti lililofungiwa maandazi, karatasi ya dawa, chochote. Bado nafuata kwa kidole. Wanaocheka, wacheke.

Ila zile wiki mbili nimechelewa sana kuzielewa. Nilidhani Mama ananiadhibu, ananinyang'anya kitu pekee nilichokiweza. Kumbe macho aliyoyategemea yalikuwa yangu, na alikubali kukaa bila hayo, akasemwa na wateja wake, ili mie nisome.